Ampea Ishirini na Tatu

Kila Ijumaa adhuhuri, pale Mtoni, tajiri wetu Akberali alitufungia. Wenzetu Waislamu walikwenda kuswali, naye akaenda msikitini kwao na baadaye kula kwake. Wakristo wawili tuliobaki, mzee Ansbert na mimi, tulikaa ndani ya kiwanda cha mishumaa, kufuli kwa nje na ufunguo mfukoni mwake. Alisema anaogopa wezi. Mwizi gani wa kuiba nta ya moto, sijui, lakini nilikwisha kuzoea. Mtu huzoea hata jela.

Ijumaa moja ya mwaka 1953, sufuria la kuyeyushia nta liliongezwa koili ya pili, waya wa kulipasha moto, ili kazi iende haraka. Asubuhi fyuzi ya ampea kumi na tano ikakatika mara mbili.

"Revelian, tia msumari," tajiri akasema.

Nami, fundi umeme niliyesomeshwa na mapadri, nikatia msumari mahali pa fyuzi. Niliogopa kufukuzwa, basi.

Kufuli lilipofungwa ndipo nilipotazama mita ukutani. Ampea ishirini na tatu! Nikachukua chaki, nikaandika mlangoni: volti 230 gawanya kwa ampea 23, ukinzani omu 10. Jana, kwa koili moja, ulikuwa omu 20. Koili ya pili imeupa umeme njia nyingine, ukinzani umeshuka nusu, ampea zimepanda maradufu. Volti mara ampea, wati 5,290. Na waya wa ukutani ni uleule mwembamba, ambao ampea zake zikizidi mara mbili, joto lake huzidi mara nne.

Harufu ya mpira unaoungua ilikuwa imeshaanza.

"Mzee, waya huu utawaka, na nta iko chini yake."

"Zima basi!"

"Swichi iko barazani, pamoja na fyuzi. Nayo haitakatika, nimeweka msumari."

Akanikazia macho. "Kwani hesabu hizo asubuhi hukuzijua?"

"Nilizijua."

Tuligonga mlango, tukaita mpaka sauti zikakauka. Dirisha lilikuwa na nondo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilikuwa nimemwingiza na mzee wa watu. Niliona aibu kuliko hofu.

Mzee akavua katambuga zake za mpira wa gari. Nikazikatakata, nikafunga vipande kwenye mikono ya koleo, nikapanda juu ya kasha kavu. Nyaya mbili nikazitenganisha kwa kijiti, maana ningezikata pamoja zingelipuka. Nikakata mmoja. Cheche moja, kisha sufuria likanyamaza. Mzee alikaa sakafuni, pekupeku, akilia.

Akberali alirudi saa nane, Jamali mchukuzi nyuma yake.

"Nani kakata waya wangu?"

"Mie, tajiri."

"Unga. Oda ya watu inangoja."

"Nitaunga. Ila msumari ukibaki, leo utakaa humu nasi, na Jamali atufungie kwa nje."

Alisoma chaki mlangoni. Kwa hesabu alikuwa mwepesi kunishinda. Akatazama ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi wa waya, akatazama miguu ya mzee. Akatoa ufunguo mfukoni, akampa mzee Ansbert.

Nikatoka hadi barazani, nikazima swichi, nikaung'oa msumari. Ulikuwa wa baridi na mnyoofu, vilevile nilivyoutia kwa mkono wangu.