Mtini Uliolala kwa Jirani

"Mtini wako umelala kwenye njia ya mume wangu, na wewe unaniambia nisubiri!"

"Sijasema usubiri, Tursunoy-opa. Nimesema hapana."

"Hapana? Huu ni ua wangu, Muattar."

"Ua wako, mti wangu."

"Basi uhamishe!"

"Niuhamishe vipi? Niuambie ugeuke ubavu?"

Tulikuwa tumesimama uani kwa Tursunoy, ninayemwita opa, yaani dada mkubwa, tangu baada ya chai ya asubuhi, yeye upande huu wa tuta la udongo lililoufunika mtini, mimi upande ule, kila mmoja na beleshi lake. Yeye alishika lake ili afukue. Mimi nilichukua langu ili nimzuie, ingawa ukiniuliza ningemzuiaje kwa beleshi, sikuwa nimefika huko.

Mtini wenyewe umeota kwangu, mpakani kabisa. Baba mkwe wangu aliupanda kabla ya ukuta kujengwa, na kila mwaka majani yakishapukutika walikuwa wanaulaza upande wenye jua, yaani upande wa jirani. Ukuta ulipokuja, wazee waliacha pengo pana kama mlango, mti ukae humo. Kwa hiyo wakati wa joto unasimama na kuangusha tini nyumba zote mbili, na wakati wa baridi unakwenda kulala kwa Tursunoy-opa, chini ya mikeka ya matete, mabua na udongo. Mtaani kwetu, hapa mjini Margilani, wanasema ni kama mfanyabiashara mwenye wake wawili, ila huyu anajulikana yuko wapi usiku.

Mashina yake ya zamani ni manene kama paja, na yamezoea upande mmoja. Ukiyainamisha upande mwingine yanakatika.

"Mpwa wangu anakuja kesho na saruji," alisema Tursunoy-opa. "Kutoka kizingitini mpaka langoni, sawa kama meza. Keshokutwa anaondoka kwenda kufanya kazi ya ujenzi mji mkuu, harudi mpaka vuli. Kesho, Muattar."

"Saruji ikikauka hapo, mtini hauna kitanda. Baridi ijayo utakufa umesimama."

"Na mume wangu atakufa amekaa!"

Hilo lilikuwa kweli. Mumewe Mirzaolim, ambaye sote tunamwita aka, yaani kaka, alipigwa na kiharusi mwanzoni mwa baridi, siku chache baada ya mitini kufunikwa. Usemi ulirudi, akili haikwenda popote, lakini mguu na mkono wa kushoto vililegea. Walimpa mkongojo wa miguu minne. Daktari alisema wazi: atembee masika haya, kila siku, atoke nje, la sivyo mguu utasahau na hautakumbuka tena. Na tuta la mtini linaukata ua wa Tursunoy-opa vipande viwili, nyumba huku, lango kule. Miaka yote tulikuwa tunaliruka tu. Mkongojo wa miguu minne hauruki.

"Zungusha saruji nyuma ya tanuri," nilisema.

"Nyuma ya tanuri kuna banda la kuku. Apite juu ya kuku?"

"Kuku wanahama, mti hauhami."

"Sikiliza anavyoongea! Na mwanamke amesoma chuo!"

"Mwenyewe amesemaje?"

Tursunoy-opa akaanza kuchokoa udongo uliogandia kwenye beleshi.

"Mwenyewe hataki," alisema mwishowe.

"Ahaa!"

"Usinipigie ahaa. Anasema saruji haitamwagwa mahali mtini unapolala, basi, anageukia ukutani. Nikimuuliza kwa nini, anasema ana usingizi. Mtu analala kama paka tangu sikukuu ya Navruzi."

"Basi tumeshamaliza. Nakwenda kumuuliza, na wewe utasikia kwa masikio yako."

"Nenda. Labda wewe atakuambia ukweli. Mimi ni mke tu."

Niliacha viatu mlangoni na matope yake yote. Nilijua naingia kuchukua ushindi. Mirzaolim-aka alikuwa amekaa juu ya magodoro karibu na jiko la makaa, kofia kichwani, ndevu zimechanwa, na mkongojo umesimamishwa kona ya mbali ambako hata angetaka asingeufikia. Dirisha la uani lilikuwa wazi kidogo. La upande wa barabara lilikuwa na pazia, na juu ya pazia, shuka.

"Nimekusikia, mkamwana," alisema. Wazee wote wa mtaa huniita hivyo, ingawa binti yangu mwenyewe sasa ni wa kuozwa. "Umemjibu vizuri. Shikilia hapohapo."

"Nashikilia. Lakini niambie kwa nini."

"Kwa sababu ya baridi. Mitini haifukuliwi kabla miaprikoti haijamaliza kuchanua."

"Ilianza kudondosha maua jana. Na leo kuna mawingu, jua halitaunguza magome. Ungekuwa mzima ungekuwa nje tangu alfajiri."

"Basi kwa sababu ya mti. Marehemu baba mkwe wako..."

"Marehemu mwachie Mungu. Sema wewe."

Nje kuna mtu alipita na baiskeli inayolia, na nikamwona mzee anaangalia lile shuka la dirishani kama linaweza kudondoka. Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ya Navruzi, mwaka mpya wetu wa masika, wenzake wa nyumba ya chai walikuja na sinia la pilau wamsalimie, na Tursunoy-opa akatoka kuwaambia amelala. Mimi nilikuwa jikoni kwao siku hiyo. Nilimsikia akikohoa ndani, kikohozi cha mtu aliye macho kabisa.

Mtu huyu alikuwa mpiga mieleka wa harusini. Hakuna harusi ya mtaa huu aliyohudhuria akaondoka bila mbuzi wa zawadi. Walimwita Fahali. Na kila vuli ndiye aliyelaza mitini ya nyumba zote: alikuwa anaweka kifua chake kwenye shina, anashusha pumzi, anasubiri, anashusha tena, mpaka mti unajilaza wenyewe bila hata kulia. Vijana wakijaribu, unasikia *ka!*, na bibi wa nyumba anaanza kutukana.

Nimelea watoto watatu. Mtoto anayesema tumbo linauma siku ya mtihani namjua kabla hajafungua mdomo.

"Aka," nilisema, "unaogopa mtini, au unaogopa nyumba ya chai?"

Aliniangalia kama nimemmwagia maji.

"Yoldosh wa nyumba ya chai ataniita kigoda," alisema. "Miguu minne. Namjua. Jina ameshalitayarisha, analiweka tu."

"Atakuita. Tena mbele ya watu. Na wewe utamwambia nini?"

Alifikiri. "Meno yake ya juu huwa yanadondokea kwenye bakuli la chai."

"Basi jibu unalo. Jambo la pili ni lipi?"

"La pili gani?"

"Hukuzuia saruji kwa ajili ya Yoldosh peke yake."

Mkono wake mzima uliushika ule mlegevu na kuuweka vizuri juu ya goti, kama mtu anavyomweka mtoto aliyesinzia.

"Mtini wenu ndio wa mwisho nilioulaza," alisema. "Siku ile mkono huu ulikuwa tayari umeanza ganzi. Sikumwambia mtu. Niliusukuma kwa bega. Nilisikia kitu kimelia ndani ya shina, sijui ni shina au ni mimi. Halafu ikaja baridi ile iliyopasua mabomba mtaa mzima. Mkiufukua mkaukuta umeoza, nitajua nimeuua mimi. Wacha ulale, mkamwana."

Mimi si mtu wa maneno mazuri. Niliuchukua mkongojo kule kona nikausimamisha mbele yake.

"Kama umeoza umeshaoza," nilisema. "Udongo hauuponyi, unatuzuia kuuona tu. Mti ni wangu na nimeamua. Tunaufukua sasa hivi, mzima au mfu, na mashina yote ya zamani yanakatwa. Yatabaki machipukizi ya pembeni. Hayo bado laini, nitayafundisha kulala kwangu, juu ya bustani ya vitunguu. Kesho saruji inamwagwa. Sasa, lipi la kuacha na lipi la kutoa, mimi sijui, wewe unajua. Ukitoka nitakata vizuri. Ukibaki humu nitakata ovyo, na utanisikia kupitia dirisha hilo."

"Wewe mwanamke huna huruma."

"Sina. Weka mguu wa kulia kwanza."

Tursunoy-opa alipotuona mlangoni beleshi lilimponyoka. Hakuuliza kitu. Alikimbia kuleta joho la pamba, akamvisha, akaleta kiti, akakirudisha, akaleta kingine chenye mgongo. Mimi nikapaza sauti pengoni.

"Zebo! Lete msumeno!"

Binti yangu alichungulia, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. "Mama, asubuhi si ulisema atakayeugusa mtini utamkata mkono?"

"Nimesema lete msumeno."

"Ndiyo nauliza, wa mti au wa mkono?"

"Zebo!"

"Nakuja, nakuja. Shikamoo, Mirzaolim-aka! Umetoka! Ulikuwa umefunikwa na wewe?"

Nilitaka kumzaba kofi, lakini mzee alicheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilitoka.

Tulifukua, mimi kutoka shinani, Tursunoy-opa kutoka nchani, Mirzaolim-aka akituamuru kutoka kitini. Polepole hapo. Sio beleshi, tumieni mikono. Mnachimba mtini au mnachimba kisima? Udongo wa juu ulikuwa bado mgumu, wa chini mwepesi, unavunjika. Tuliondoa mikeka iliyooza pembezoni, kisha mabua. Joto kidogo likapanda, na harufu kama ya unga uliochachuka. Mashina yalikuwa yamelala pamoja, yamebanana, ya kijivu, na kwa macho tu huwezi kujua kama ni mti au ni kuni.

Mirzaolim-aka alisukuma mkongojo mbele, akainuka mwenyewe, Tursunoy-opa akashika joho lake kwa nyuma bila yeye kujua, au mzee akajifanya hajui. Alifika ukingoni, akainama juu ya lile shina nene kuliko yote, akalikwaruza gome kwa kucha ya dole gumba.

Kijani. Kijani kibichi kabisa, chenye unyevu.

Alikwaruza la pili, la tatu. Yote kijani. Kwenye ncha kulikuwa na vijicho vya kuchipua vilivyovimba, vyeupe kwa kukosa jua. Penye goti la shina kubwa palikuwa na ufa wa zamani kidogo, urefu wa kiganja, na ulikuwa umeshajifunga.

"Ni hapa palipolia," alisema. "Halikuwa bega langu. Lilikuwa shina." Akapapasa ule ufa. "Na limepona, lilaaniwe."

Tursunoy-opa akaanza kulia, si kilio cha haya, kilio chenye makamasi. "Usikate, Muattar. Tazama, upo hai. Utakataje kitu kilicho hai? Saruji itazunguka, kuku nitawachinja wote, nitamwambia mpwa wangu..."

"Opa, asubuhi ulikuja na beleshi kama unavamia ngome."

"Asubuhi sikuwa nimeuona!"

"Kuku wanataga, na mbaya zaidi ukiwachinja tutakula kuku mpaka Ramadhani. Tunakata."

"Jiwe! Huyu mwanamke ni jiwe! Mwambie, baba watoto, mwambie mti una uchungu!"

Wote wawili tukamgeukia. Nami naomba ieleweke kwamba sikuwa jiwe wakati ule. Mti ule ulinipa jamu ya kumlisha kila mwanangu, na chini yake ndipo mama mkwe wangu aliponikubali, kwa shingo upande. Angesema usikate, sijui ningefanya nini.

Mirzaolim-aka alitazama mashina, akatazama lango, akatazama mguu wake wa kushoto.

"Mti uliokatwa masika hutoa machipukizi kama nywele," alisema. "Mwaka huu mtanunua tini sokoni, mtajifunza adabu. Mwakani mtakula hizi. Zebo, njoo upande huu. Hilo jembamba hapo, na hilo linaloelekea kwenu, usiyaguse hata kwa upindo wa gauni. Mengine yote, usawa wa kifundo cha mguu. Anza na langu."

"Lako ni lipi?"

"Lile lenye ufa."

Zebo alishika msumeno, mimi nikashika shina. Mirzaolim-aka aliegemeza kiganja cha mkono wake mzima juu ya gome, karibu na mkono wangu, akakibakiza pale muda wote meno ya msumeno yalipokuwa yanaingia. Maziwa meupe ya mtini yalichuruzika na kuanza kutuwasha vidole. Hakuondoa mkono. Shina lilipolegea alishusha pumzi ndefu, kama zamani.

Tulikata yote. Tursunoy-opa aliburuta matawi upande wa banda la kuku huku akinitukana mimi, ukoo wangu na chuo nilichosoma, kisha akarudi na beleshi akaanza kufukia shimo bila kuambiwa. Mimi nilirusha udongo, yeye alikanyaga. Zebo akaja, tukakanyaga wote watatu, tumeshikana mabega, mpaka pakawa sawa. Zebo akaondoa mlango wa banda la kuku kwenye bawaba zake, akaulaza juu ya udongo laini, na kuku wakaanza kutoka kuangalia kulikoni.

"Tunajaribu kesho, saruji ikishakauka?" Tursunoy-opa aliuliza.

"Hiyo saruji inakauka lini?" alisema mume wake. "Fungua lango."

"Sasa hivi? Watu wapo nje. Yoldosh nimemwona kwenye benchi."

"Nimesema fungua lango, mwanamke."

Akaweka mguu wa kulia kwanza, mkongojo ukagonga ubao, na Tursunoy-opa akatangulia mbio kufungua.