Mrithi wa Keki ya Shangazi

Baada ya mazishi, watoto waligawana vitu vya marehemu baba yao bila ugomvi. Kinyozi, mtoto wa kwanza, alipata redio na koti. Dada yake akapata baiskeli, ambayo mume wake ndiye aliyeanza kutamba nayo mtaani. Hakuna aliyekumbuka kwamba mzee aliacha pia keki.

Walikumbuka siku ya Krismasi, shangazi alipoingia sebuleni na sahani iliyofunikwa kitambaa.

Shangazi huyo, dada pekee wa marehemu, alikuja mara moja tu kwa mwaka, na kila alipokuja alileta keki aliyoioka kwa mikono yake. Ilikuwa ngumu. Mzee alikuwa fundi mwashi, mtu aliyezoeana na vitu vigumu, na kila mwaka aliidaka sahani mlangoni, akajitenga nayo pembeni na kuimaliza peke yake, akimkaripia yeyote aliyesogea. Wageni walimwita mlafi. Wa nyumbani walijua anawakinga.

"Haya," shangazi akasema, akiitua sahani katikati ya wali na nyama aliyopika mama. "Kaka hayupo. Leo na nyinyi mtaionja."

Shemeji, yule wa baiskeli, akashika tumbo.

"Mimi daktari kanikataza sukari."

"Lini?" kinyozi akauliza. "Asubuhi si umekunywa soda mbili?"

"Ndiyo hizo zilizonimaliza."

Mama akapata kazi ya ghafla jikoni. Dada akaanza kumfuta kamasi mtoto ambaye hakuwa na mafua. Kinyozi akamtazama shangazi, akaona uso unaanza kumshuka, akawaza: keki hii ikirudi ilivyokuja, mwakani shangazi haji. Na ndiye peke yake aliyebaki duniani wa kuwasimulia baba alivyokuwa mtoto.

"Nikatie kubwa," akasema.

Kisu kiligoma mara mbili. Kinyozi akauma, keki ikakataa. Akaihamishia magego ya upande wa pili, ikatii kidogo. Akatafuna mpaka machozi yakamlengalenga.

"Lia, mwanangu," shangazi akasema kwa upole. "Usijikaze kisabuni. Hata mimi jana nimelia nikikanda." Akamwongezea kipande cha pili ili kumfariji.

Kinyozi alipokiona, kikubwa kuliko cha kwanza, machozi yakamwagika, na safari hii hakuwa na hakika analilia nini.

"Ngoja nile na wewe," shangazi akasema, akijikatia kipande chake. "Unajua sijawahi kuionja? Baba yako alikuwa haniachii hata chembe."

"Usijisumbue, shangazi," shemeji akadakia. "Hicho nipe mimi."

"Wewe si umekatazwa sukari?"

"Naona imepungua."

Alikuwa amechelewa. Shangazi alishakitia mdomoni. Akatafuna. Akaacha. Akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akainamia wali wake. Akatafuna tena, taratibu, mpaka akameza.

"Kumbe yule mtu alikuwa mwongo," akasema.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Kinyozi akainuka haraka kumshika, akamkuta anacheka mpaka sauti imemkauka.

"Kila mwaka namuuliza, na kila mwaka ananijibu, 'Dada, usibadilishe kitu.'" Akajifuta macho kwa kile kitambaa cha sahani. "Basi. Mwakani nitakuja na soda, nisije nikawaua."

"Usije na kitu," kinyozi akasema. "Njoo siku moja kabla. Keki tutaipika hapahapa."

Shangazi akageukia mlango wa jikoni, ambako mama alikuwa amesimama na mwiko, akisikiliza tangu mwanzo.

"Unamsikia mwanao, wifi? Utanipokea jikoni kwako?"

Mama akafikiri. Jiko lile hakuwahi kulitumia pamoja na mtu.

"Karibu," akasema. "Ila unga nitapima mimi."