Jiwe Lililokwisha Kutolewa

"Jiwe?" Tatu alicheka, na kicheko kikamchoma ubavuni hata akajikunja. "Jiwe langu lilishatoka, mwanangu. Mwulize huyo hapo. Yeye ndiye aliyelitoa."

Daktari Gregori akamgeukia mume wa mgonjwa. Mwinjuma, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kofia magotini, akaitazama kofia yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Walikuwa wametoka Mzenga, huko Kisarawe, juu ya lori la korosho mpaka Mlandizi, wakadandia gari jingine hadi hospitalini Kibaha. Njia nzima Tatu alijikuna. Wiki ya tatu hiyo alikuwa akijikuna kama aliyelalia upupu. Macho yake yalikuwa rangi ya binzari, mkojo kama chai iliyosahaulika jikoni, na choo, alichomweleza mumewe kwa aibu, cheupe kama udongo wa kukandikia nyumba. Akila wali wa nazi maumivu humshika chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani, yakakaa huko kama mgeni asiyejua kuaga.

Daktari alikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama ziote. Akageuza cheti na kuchora upande wake wa nyuma kitu kama kibuyu kidogo chenye shingo ndefu.

"Mama, ukichinja kuku, nyongo unaijua?"

"Nitaachaje kuijua? Ikipasuka, mboga nzima imeharibika."

"Basi na wewe unayo, hapa chini ya ini. Ina mrija wake wa kuiteremshia tumboni ikayeyushe mafuta ya hizo nazi zenu. Picha imeonyesha mawe. Hayatupwi na mtu, yanajitengeneza yenyewe humo, kidogo kidogo, kwa miaka. Moja limetoka kwenye mfuko wa nyongo na kuziba mrija. Nyongo haina pa kwenda, inarudi kwenye damu, ndiyo manjano hayo. Na homa ya kutetemeka uliyoipata juzi inaniambia mrija umeanza kufanya usaha. Gari la Dar linaondoka saa nane. Huko watakupasua, walitoe."

"Kubali, mwenzangu," alidakia Mwanakheri wa Mlandizi kutoka kitanda cha pili, mguu wake ukiwa ndani ya plasta nene. "Watu wa Kisarawe mmezaliwa na ubishi! Mimi wamenijengea nguzo ya msikiti hapa, na machungwa nayala kama kawaida."

"Wewe umevunjika, unajulikana," alisema Tatu. "Mimi sipasuliwi kwa jiwe nililolishika kwa mkono wangu. Lilikuwa bado lina damu."

Daktari alimvuta Mwinjuma mlangoni. "Mzee, yeye anakusikiliza wewe. Gari likiondoka, jingine ni Ijumaa, petroli ikipatikana. Na Ijumaa..."

Ilikuwa saa sita na nusu.

Mwinjuma alikuwa mpiga chuku, na baba yake kabla yake. Wagonjwa walimjia kutoka Maneromango hadi Mlandizi. Mtu akilalamika ubavu, alimchanja chale tatu, akabandika pembe, akafyonza, akaziba tundu kwa nta. Alipoibandua, katikati ya damu iliyoganda palikuwa na kijiwe. Mgonjwa alishusha pumzi, na wengi, kwa kweli, waliinuka wakaenda shamba. Kijiwe hicho kilikuwa kikisubiri shavuni mwake tangu asubuhi. "Si uongo," baba yake alimwambia alipomfundisha. "Ni dawa ya macho." Na kwa kuwa kinywa kinachotania hakuna anayekikagua, Mwinjuma alijifunza kutania. Aliwachekesha watu wakiwa wanavuja damu. Sifa hiyo ilimfikisha mpaka misibani, ambako watani waliposhindwa, yeye aliitwa.

Miaka thelathini Tatu alimshikia bakuli. Mwinjuma hakumwambia siri hiyo. Mwanzoni aliogopa kuchekwa, baadaye akaogopa kutochekwa. Na mwezi uliopita, ubavu ulipomzidia mkewe naye akamwomba, "Baba Abeid, na mimi nitoe," angemjibu nini? Alikwenda nyuma ya nyumba kuokota kijiwe, akachagua kidogo, chororo, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuokota.

Akarudi kitandani.

"Mama Abeid. Lile jiwe lilitoka mdomoni mwangu."

"Utani wako peleka nje."

"Sitanii."

"Unataka nipande gari, ndiyo maana. Wewe kumdanganya mtu kwa faida yake hujaanza leo."

Mtu anaweza kutumia maisha yake yote kuufanya ukweli ufanane na mzaha, kisha siku anayouhitaji, ukweli huo hauna sura nyingine ya kuvaa. Mwinjuma akatazama huku na huku. Kwenye sahani ya Mwanakheri kulikuwa na maganda ya chungwa na mbegu zake. Akachukua mbegu moja, akaionyesha juu mbele ya wote wawili, akaitia kinywani.

"Haya, bibi," akasema kwa sauti yake ile ya kazini, nyepesi, ya kuchezea. "Nani kakuroga, mume au mashemeji? Vuta pumzi. Usibane, utanivunjia pembe!"

Mwanakheri akacheka. Mwinjuma akakunja ngumi mfano wa pembe, akaibandika ubavuni mwa mkewe, akainama, akafyonza. Akainuka na kufungua kiganja. Mbegu ilikuwa pale, imelowa, inang'aa.

Kicheko cha Mwanakheri kilikatika. Akageuzia uso ukutani, jinsi mtu anavyofanya akimwona jirani yake uchi.

Tatu aliitazama mbegu. Macho yale ya manjano hayakupepesa.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Na la Mwanahalima?"

Mwinjuma alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa talaka. Kwa jina hilo hakujiandaa. Tangu mwaka ule wa kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, walipolala chini ya makuti yasiyokwisha kuezekwa, jina hilo halikutajwa mbele yake. Mtoto wao alikuwa na miaka minne. Ubavu ulimbana, akapumua kwa kukatakata.

"Nilikuwa nimeshambeba," Tatu alisema taratibu, kama anayemsimulia mtu mwingine. "Nimeshamfunga kanga mgongoni nimpeleke zahanati. Nimefika kwenye mihogo ya Mwinyimadi. Ukanikimbilia. Ukasema mshushe, nimtoe hapa hapa. Nikamshusha. Ukanionyesha jiwe, zahanati sikufika."

"Nilitumaini..."

"Nilimshusha mimi, Mwinjuma. Kwa mikono yangu." Hakumwita Baba Abeid. "Miaka yote hii nasema, alhamdulillahi, tulilitoa jiwe, siku zake tu zilifika."

Mwinjuma akafumba kiganja juu ya mbegu.

Tatu akainua kichwa. "Sista! Mwiteni yule kijana. Alete karatasi yake."

Daktari alikuja na karatasi na kidau cha wino. Tatu alibonyeza kidole gumba bila kuuliza palipoandikwa nini. Daktari alipokuwa akitoka, Mwinjuma alimfuata ukumbini.

"Atapona, daktari?"

"Watajitahidi. Moyo bado una nguvu." Gregori alikunja karatasi. "Tungempata mwezi uliopita, mzee, ingekuwa kazi nyepesi. Mlichelewa wapi?"

Hakungoja jibu. Wagonjwa wengine walikuwa wakimwita.

Saa nane kasorobo walimtoa kwa machela. Gari lilikuwa Landrova kuukuu, benchi moja upande, limekwisha jaa abiria, machela upande wa pili, na katikati madumu ya petroli ya kurudia. Mwinjuma alisimama kwenye mlango wa nyuma, mkononi ana mzigo: kanga mbili, sufuria, kipande cha sabuni.

"Ndugu wa mgonjwa anapanda au hapandi?" aliuliza dereva.

Mwinjuma akamtazama mkewe. Tatu alikuwa ameelekeza macho kwenye paa, meno yameumana kwa maumivu. Akavuta miguu yake kidogo, na mwishoni mwa machela pakapatikana nafasi.

Ilikuwa nafasi ya mtu kukaa, au ya kuweka mzigo.

Mwinjuma akapanda. Akauweka mzigo pale. Gari liliponguruma na kuishika barabara kuu, likayumba, yeye alikuwa ameinama chini ya paa la bati, ameshika chuma kwa mikono yote miwili, hajaketi.