Hewa Aliyoiacha Dale

Watu wengi huchagua mtungi wa hewa wa bunduki ya rangi, ile ya mchezo inayorusha vidonge vya rangi, kama wanachagua kofia, kwa uzuri tu, na mimi hukereka. Kwa hiyo Lorna Hruska alipoingia dukani kwangu asubuhi moja ya Mei, akauliza ni upi unaodumu zaidi, nilifurahi.

"Wa alumini," nikamwambia. "Ni mzito, utakuchosha bega. Hii ya nyuzi za kaboni ni miepesi, ila ikifikisha miaka kumi na mitano haijazwi tena. Huu wa alumini ukiupeleka kupimwa kwa wakati, utakuzika."

"Nipe huo. Halafu nihamishie humo hewa iliyo humu."

Akatoa mkobani mtungi mweusi wa nyuzi za kaboni uliozungushiwa taulo. Niliujua hata kabla hajaufunua. Ulikuwa wa kaka yake, Dale, aliyekuwa akicheza vita vya rangi katika msitu wangu kila wikendi na kutukana kila mtu kwa utani. Jioni moja ya Oktoba aliujaza kwenye kompresa yangu, mashine ya kujazia hewa, ili autumie kesho yake, akaondoka. Lori likamgonga kabla hajafika Johnstown. Gari lilipondeka, mtungi ukatoka na mkwaruzo tu.

"Hii ni hewa yake, Vern. Aliijaza kwa mkono wake. Sasa inapungua."

Kweli, mshale wa geji ulikuwa umeshuka chini ya nusu.

"Nimeuweka kabatini kwake," akasema. "Nikiwa jikoni naisikia. Sss, sss. Vile alivyokuwa anapumua akilala. Nikifungua kabati, kimya."

Mimi si mtu wa mizimu. Lakini niliusogeza mtungi sikioni, nikaisikia, na nywele zikanisimama. Nikautazama vizuri, nikaona chuchu ya kujazia inang'aa.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya kupikia. Nilitaka isivuje."

"Mafuta! Lorna, mafuta na hewa ya shinikizo ni bomu! Mtu angeujaza huu tungeokota meno yake barabarani!"

"Usinifokee."

"Nitakufokea! Dale mwenyewe angekufokea."

"Dale angecheka."

Hapo alinishinda. Dale angecheka mpaka akae chini.

Nikamweleza polepole. Chuchu huingiza hewa tu, haitoi. Mdomoni hewa hutoka, lakini ingevuka kwenye mtungi mpya mpaka shinikizo lilingane tu, na nyingine ingebaki. Tena ule mkwaruzo ulikuwa umekata nyuzi. Mtungi wa namna hiyo sikuweza kumwacha aurudishe nyumbani ukiwa na hewa ndani.

"Kwa hiyo nimuue mara ya pili?"

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mtungi mapajani, ameukumbatia. Nje wachezaji wa kwanza walikuwa wanafika, wanapigiana kelele. Nilitamani wanyamaze.

"Fungua," akasema mwishowe. "Ila funga mlango kwanza. Na dirisha."

Nikafunga, nikazima na feni. Nikakaza koki ndogo mdomoni mwa mtungi, nikamwachia aizungushe mwenyewe. Hewa ikaanza kutoka taratibu, ya baridi, na duka likajaa harufu ya majani makavu yanayoungua. Msitu wote ulikuwa kijani, hakuna mtu anayechoma majani mwezi wa Mei. Nilikuwa nayachoma mimi jioni ile ya Oktoba, nyuma ya kompresa, Dale akinitania kwamba nitaunguza uwanja. Lakini kompresa yangu ina vichujio, harufu haipiti. Navibadilisha mwenyewe. Niliogopa, nasema kweli.

Mshale ukalala kwenye sifuri. Lorna akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, akaibana.

"Pumua, Lorna."

Akatikisa kichwa. Uso ulikuwa umemwiva, machozi yanamchuruzika.

"Pumua, mama."

Akaziba mdomo na pua kwa mikono yote miwili.