Vueni Kofia

Nywele zangu zilianza kudondoka mwanangu Joan alipofikisha miezi mitatu. Nikichana, chanuo linajaa. Nikiamka, zimetapakaa mkekani. Nikawa najifunga kitenge kichwani toka asubuhi mpaka usiku, lakini mama mkwe wangu, Bonifasia, ana macho jamani. Mara Joan naye akaanza kunyonyoka kisogoni, na hapo maneno yakaanza.

"Ni ule ugonjwa," akawaambia wenzake kisimani. "Kaupata kambini. Na sasa anamnyonyesha mjukuu wangu sumu."

Kambini! Mwaka huo wa tisini na tano nani wa Murusagamba hakwenda kambini kwa wakimbizi? Yeye mwenyewe alikuwa anapeleka ndizi huko kila Jumatano, na lile turubai la bluu lililoezekea jiko lake halikushuka kutoka mbinguni. Lakini mimi niliyekwenda kuuza maharage mara mbili tatu, eti ndiye niliyeleta ugonjwa. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Ansbert, mume wangu, akaishusha kofia yake machoni. Ana miaka ishirini na tisa na upara umeshapanda hadi utosini, ndiyo maana kofia haimtoki kichwani hata akilala. Nikamwuliza: "Mama anataka kunirudisha kwetu Nyamigogo, abaki na mtoto. Wewe unasemaje?" Akasema tusubiri kikao cha ukoo cha Jumapili. Kikao! Mtoto wa miezi mitano aachishwe ziwa kwa kikao!

Sikusubiri. Ijumaa nilimbeba Joan nikaenda zahanati ya kambini, ile ya mahema. Muuguzi alikuwa mkimbizi mwenyewe, dada mmoja Mrundi aitwaye Iradukunda. Alimpima mtoto, akanipima mimi uzito, akanitazama macho na ulimi, kisha akavuta nywele mbili tatu akaziangalia kwenye mashina.

"Nywere zako hazina ugonjwa," akasema kwa ile r yake ya Kirundi. "Ukiwa na mimba, homoni za kike zinapanda, zinazishika nywere zisidondoke. Ukishazaa zinashuka ghafla. Sasa zile zote zilizokuwa zinangoja zinaanguka pamoja. Mtoto naye ni hivyo hivyo, homoni zako alikuwa anazipata tumboni. Ngoja kama mwaka, zitarudi."

"Na upara wa mume wangu?"

"Huyo ni homoni ya kiume, pamoja na kurithi kwao. Inayadhoofisha mashina ya nywere, mbele na utosini. Mwambie asipoteze hela kwa waganga." Akacheka. "Na wanawake wakikoma hedhi, homoni za kike zikipungua, wengi utosi unabaki mwepesi. Wanajifunga vilemba tu, hamuwaoni."

Nikamwuliza waziwazi kuhusu ule ugonjwa, ukimwi. Akasema hakuna anayeweza kuutambua kwa kutazama nywele, na mwilini mwangu hajaona dalili yoyote. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa nguvu.

Jumapili baada ya misa tukakaa uani. Baba mkubwa Idefonsi, kaka wa marehemu baba mkwe, ndiye aliyeongoza, kofia kichwani, fimbo mkononi. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba kama wanamwitikia mpita njia. Mama mkwe akasema yake: mimi mgonjwa, nywele ni ushahidi, niende kwetu, mtoto abaki apewe maziwa ya kopo. Akanyoosha mikono amchukue Joan mapajani mwangu.

Thubutu! Nilimkumbatia mwanangu, nikafungua kitenge kichwani mbele ya wakwe, kitu ambacho mkwe mwenye adabu hafanyi.

"Haya, tazameni!" nikasema. "Kama kukosa nywele ni ugonjwa, basi twende sawa. Baba mkubwa, vua kofia. Ansbert, vua kofia. Na Joan naye mfukuzeni, maana kisogo chake kinang'aa kuliko vyenu."

"Una wazimu wewe?" Idefonsi akang'aka. "Upara wa mwanamume ni heshima!"

"Ni homoni, baba. Zenu zinawapa heshima, zangu zinanifukuzisha. Kwa nini?"

Ansbert akaishika kofia yake kwa mikono miwili kama kuna upepo. Mama mkwe akasonya.

"Wanaume ni wanaume," akasema. "Mwanamke mzima hanyonyoki nywele."

Mwaka jana alipougua malaria, nilimwosha kichwa mimi, mlango umefungwa, na nilichokiona chini ya kile kilemba sikumwambia hata Ansbert. Sasa ulimi uliniwasha. Neno moja tu, na Murusagamba nzima ingemcheka mpaka Pasaka. Nilimtazama usoni.

"Mama," nikasema, "ulipougua malaria, nani alikuosha kichwa?"

Mkono wake ukapanda kwenye kilemba, ukabaki hapo. Wengine hawakuelewa. Alinitazama, akingoja kuona kama nitaendelea. Sikuendelea.

"Mtoto ana njaa," akasema mwishowe. "Mnyonyeshe."

"Na safari ya Nyamigogo?" Idefonsi akauliza.

"Nyamigogo kuna nini? Hapa ndipo kwake."

Nikamnyonyesha pale pale, kichwa wazi, machozi yananitoka kwa hasira na furaha pamoja. Nilipoinuka, Ansbert alikuwa ameivua kofia, upara unang'aa juani.

"Umechelewa, bwana," nikamwambia.

Akaniokotea kitenge changu chini. "Basi jifunge kichwa, Mama Joan. Watu wanapita njiani."

Nikakipokea, nikampandisha Joan mgongoni, nikamfunga nacho vizuri, mafundo mawili kifuani.

"Kina kazi," nikasema, nikashika njia, kichwa wazi.