Kinu cha Shamso

Siku hiyo mjinga alikuwa konstebo Elkanah, tusimtafute mwingine. Alichutama nyuma ya kibanda chake katika kambi ya polisi ya Garissa, akitwanga mbavu kavu za mbuzi ndani ya kinu cha watu, huku mbwa wa polisi aitwaye Sajini akimtazama kama mkubwa anayemkagua mdogo wake.

Sajini alikuwa bado mchanga, na miguu yake ya mbele ilikuwa imepinda kama upinde. Kosa lilikuwa la mapenzi. Tangu aletwe kufuata nyayo za mashifta, majambazi wa nyikani, Elkanah alimlisha nyama mbichi ya paja, laini, bila mfupa wala ini, nyama ambayo yeye mwenyewe aliila Krismasi kwa Krismasi. Daktari wa mifugo alipopita, alimminya mbwa magoti, akacheka.

"Nyama tupu inajaza tumbo, haijengi mifupa. Mtwangie mifupa, tia ini kidogo na yai."

Inspekta hakucheka. Alisema akirudi kutoka Wajir amkute mbwa bado anayumba, risasi moja itatosha.

Kambini hapakuwa na kinu. Elkanah akamwendea Shamso, mama aliyeuza maziwa ya mbuzi karibu na lango. Zamani yalikuwa maziwa ya ngamia. Ngamia walichukuliwa siku ya msako wa askari, na hakuna aliyemwambia walikopelekwa. Kinu chake kilikuja mgongoni mwa ngamia hao kutoka Hadado, enzi za mama yake.

"Mama, niazime kinu. Nina kadogo kangu nyumbani, miguu imelegea."

"Maskini! Unatwanga nini?"

"Mifupa."

"Mifupa!" Shamso akashika kidevu; akishangaa, p zake za Kisomali hugeuka b. "Nyinyi watu wa bara! Hiyo chakula ya baka wangu. Yeye anakula banya mzima, kichwa na mkia, na hajayumba hata siku moja."

Lakini kinu alikitoa. Akaongeza mayai na kipande cha ini, akakataa malipo. "Ya mtoto hiyo."

Elkanah alijua fika: huku, chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Akajipoza moyo kwamba atatwangia tu. Sajini atakula kwenye sufuria yake.

Unga wa mifupa, ini na yai vikawa vinachanganywa na nyama kila jioni. Wiki zikapita. Sajini akasimama wima, kisha akaanza kukimbiza kuku wa mpishi. Inspekta akarudi, akamtazama akizunguka uwanja, akafunga kifuko cha bastola, akaenda zake kunywa chai.

Furaha ikamlevya Elkanah. Jioni hiyo alimimina unga kwenye sufuria, akageuka kuchukua yai. Alipogeuka tena, Sajini alikuwa ametumbukiza kichwa kinuni hadi masikioni. Na kando ya ua alisimama Shamso, kibuyu cha maziwa ya mtoto mkononi.

Akasogea karibu.

"Huyu ndiye kadogo?"

"Mama, nisamehe..."

"Masikio amechukua kwa baba."

"Nitakiosha. Mara saba, na udongo. Hata mara sabini!"

"Mti wa kinu una nyufa, askari. Ulimi umefika mahali mkono wangu haufiki. Kaa nayo hiyo kinu."

"Wangempiga risasi, mama! Ningekwambia ni mbwa, ungenipa?"

"Kinu, hapana. Ningekutafutia jiwe la kutwangia."

Hilo Elkanah hakuwa amelifikiria. Jiwe! Garissa nzima mawe, na yeye akaenda kuazima urithi wa mtu. Aibu ikambana, naye, kama wanaume wengi wakibanwa na aibu, akapandisha sauti.

"Lakini huyu si mbwa wa jalalani, mama. Huyu ni mbwa wa sheria. Kitu kikiibwa, akishanusa nyayo, haachi mpaka akione."

Shamso akafungua kibuyu. Aliinama akamimina maziwa yote ndani ya kinu, taratibu, hadi tone la mwisho. Sajini akatikisa mkia, akaanza kulamba. Shamso akajifuta mikono kwenye shuka.

"Vizuri. Kesho mpe nyayo za ngamia wangu anuse. Hatachoka, askari. Zinaishia hapa langoni penu."