Boynok Awatenga Kondoo

Ukungu ulishuka malishoni mchana, mama mjane Burulcha akiwa anakamua farasi wake majike. Ulipoondoka, kondoo tisa hawakuwapo. Mbwa wake Boynok alikuwa amefungwa kamba tangu juzi kwa sababu ya mguu uliochomwa na mwiba. Alibweka muda wote wa ukungu, na Burulcha akamkaripia: "Hebu nyamaza! Mbwa mwitu gani mchana huu?"

Sasa alimfungua, uso umemshuka kwa aibu. Boynok alinusa majani, akashika njia akichechemea, Burulcha akimfuata juu ya farasi. Walivuka mlima, na jua lilikuwa bado juu walipofika kwenye hema la Sadyr, mfugaji wa bonde la pili.

Zizi lake lilikuwa limejaa. Baadhi ya kondoo walikuwa wamekatwa masikio upya, alama za zamani za mwenye mali hazionekani, damu haijakauka.

"Karibu chai, mama," Sadyr alisema. "Umefuata nini huku?"

"Kondoo wangu."

"Wana majina? Waite basi, tuone kama wataitika!" Akacheka.

"Mimi sijui kuwaita. Ajuaye ni huyu. Boynok, nyumbani!"

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kila jioni, kuwatenga kondoo wa Burulcha na wa majirani. Aliingia zizini akapenya katikati ya miguu yao, akawasukuma nje mmoja mmoja. Wakafika wanane. Akazunguka tena, akatoka, akasimama mbele ya sufuria iliyokuwa ikichemka nje ya hema.

Kicheko kikamwisha Sadyr. Mkewe, Gulsun, alibaki na mwiko mkononi.

"Uliniambia kakupa mjomba wako. Kumbe umenipikisha kondoo wa mjane?"

"Wewe nawe, nyamaza!"

"Ninyamaze nini, na mbwa kashasema?"

Gulsun aliingia zizini akamkokota kondoo jike aliyenona. "Chukua, mama. Huyu nilitoka naye kwetu, si wake."

Burulcha alisita, kisha akapokea. "Ahsante, mwanangu. Ukichoka hapa, kwangu pana nafasi."

Gulsun akarudi kwenye sufuria. Lakini siku ya tatu alifika na matandiko yake juu ya farasi, akasema amekuja kusaidia kukamua tu. Alikaa mpaka theluji ya kwanza ilipoanguka, msimu wa kukamua ukiwa umekwisha.